Miti ya Nyanya Chini ya Miguu ya Wageni

Leo naandika nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni Lopeyok, kijana wa Kakuma, mwenye digrii ya ujenzi kutoka Nairobi na viatu vilivyoisha soli kwa kutafuta kazi. Bwana Nangiro, tajiri wa Lodwar anayeyauzia mashirika kila kitu kuanzia mahindi hadi mahema, alinipa kazi yangu ya kwanza: kujenga deki nyuma ya nyumba yake. Deki ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi kuzunguka bwawa la kuogelea, ili wageni walale hapo wakiota jua, kana kwamba Lodwar tuna upungufu wa jua.

Nilipima, nikachora, nikaagiza mbao za saipresi kutoka Kitale. Zilifika zikiwa mbichi. Nikamsihi tuzianike kwanza kivulini. Akasema wageni hawasubiri mbao. Tukazipigilia mbichi, jua likazikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni, na kila asubuhi misumari ilikuwa imejitoa vichwa kama kobe.

Bwana Nangiro akasimama mbele ya mafundi akasema, "Kumbe digrii nayo hupinda." Watu wakacheka. Hapo ndipo tulipoachia.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Asubuhi moja lori lake liliingia kwa mlango wa nyuma likiwa limejaa magogo. Yalikuwa magogo manene, yameondolewa matawi, na mahali yalipokatwa palikuwa bado pekundu na pabichi.

"Injinia, wacha kununa," Bwana Nangiro akaniambia. Alikuwa amevaa shuka lake la asubuhi na kandambili. "Nimekuletea ewoi. Mgunga wa kwetu. Hii mti haijui kupinda. Tengeneza nguzo na boriti, halafu zile mbao zako uzilaze juu tena."

"Imetoka wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani, Bwana Nangiro?"

"Nimekuandika kazi ya kujenga ama ya kunihoji?"

Mafundi wakaacha kufanya kazi ili wasikie vizuri.

"Unajua kuliko mimi," nikasema. "Kwetu mti wa mtoni una mwenyewe."

Na ni kweli. Mtu wa mbali akipita Turkana huona migunga kando ya mto akadhani imejiotea tu, haina mwenyewe. Siyo hivyo. Ukingo wa mto umegawanywa tangu zamani, na kila familia ina kipande chake cha miti. Kipande hicho huitwa ekwar. Kiangazi kikikaza na majani yakaisha kila mahali, migunga huangusha maganda yake, mbuzi huyala, na watu hunywa maziwa. Mwenye ekwar ana kiangazi mkononi. Asiye nayo huomba kwa mwenye nayo. Ukikata mti wa mtu mtoni ni kama umeingia kwake ukaondoka na chungu kikiwa bado motoni.

"Unanifundisha Uturkana?" Bwana Nangiro akauliza. Hata hakukasirika. "Nimeongea na mwenyewe. Amepeana kwa mkono wake, tena kwa furaha. Muulize dereva."

Dereva alikuwa akilitazama tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Ni ukweli," akasema. "Yule mama alitupatia hata maziwa."

Nikaamini. Ndilo linaloniumiza hadi leo ninapoandika. Nikaamini, na kila neno walilosema lilikuwa kweli.

Basi kazi ikaanza upya. Fundi wangu mkuu alikuwa Onésphore, seremala kutoka Bujumbura, mtu mrefu mpole anayeishi kambini Kakuma na mkewe Céline na watoto wao. Bwana Nangiro ndiye aliyemchukua kambini kwa lori lake. Mkimbizi hatakiwi kutoka Kakuma bila kibali, na Bwana Nangiro alimwahidi kwamba kibali kitamfuata huko Lodwar.

"Kimekufuata?" nilimuuliza siku moja.

"Labda kiko njiani kwa miguu," Onésphore akasema. "Patroni anasema nitulie. Mimi natulia. Mutu wa kambi anajua kutulia kuliko mawe."

Yeye hupenda mzaha akiwa kazini. Tulichoma miguu ya nguzo kwa moto mpaka ikawa myeusi, tukaipaka oili chafu ya lori ili mchwa wasiiguse, tukaichimbia chini na kushindilia kokoto na simiti. Boriti zikapita juu. Zile mbao za Kitale zilikuwa zimekauka sasa. Tukazigeuza, tukaziranda, tukazifunga kwa skrubu badala ya misumari, na kati ya ubao na ubao tukaacha nafasi ya kidole kidogo, maji yapite, mchanga upite, mbao zipumue.

Nilikuwa na furaha. Sioni haya kusema. Nilitembea pembeni mwa lile bwawa jioni nikiitazama kazi yangu, nikawaza kwamba kesho nitajengea watu shule, zahanati, daraja la mto Tarach kwetu Kakuma. Nilikuwa nimeandika hata maagizo ya kuitunza deki, nikambandikia Bwana Nangiro mlangoni: ifagiliwe mchanga kila asubuhi, skrubu zikazwe, ipakwe oili kabla jua la Januari halijaanza kutafuna.

Nguzo zilipita juu ya sakafu ili baadaye zibebe kivuli, na ilibaki moja tu, ile ya kona.

Onésphore akaweka msumeno. Ukala, ukala, halafu ukalia kwa sauti mbaya, meno yakavunjika.

"Injinia, njoo uone," akaita. "Huyu muti amekula chuma."

Nikapiga magoti. Ndani ya gamba, mti ukiwa umeizungushia mdomo wake wa miaka mingi, kulikuwa na pete ya chuma, nene kama kidole gumba, upande mmoja imebonyea. Nikaifuta kwa mkono. Nikaifuta tena.

Pete ile ilikuwa ya tela bovu la misheni. Naijua kwa sababu mimi ndiye niliyeiomba kwa bruda, na mimi ndiye niliyeipigilia kwenye mti, nikiwa darasa la nne, nikaibonyeza kwa jiwe kwa kukosa nyundo. Nilitaka nyanya yangu aning'inizie kibuyu cha maziwa pasipofikiwa na mbwa. Alicheka siku nzima akiwaita majirani waje waone mjukuu aliyeutoga mti sikio.

"Ndugu yangu, umeona nyoka?" Onésphore akauliza.

"Nimeona nyumbani," nikasema.

Nyanya yangu anaitwa Aregae. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na nyanya ndiye aliyenilea kwa mbuzi wake, na mbuzi wake waliishi kwa migunga ile ya ukingo wa Tarach. Kila muhula niliporudi shuleni, beberu mmoja alienda sokoni. Hakuna tofali la elimu yangu ambalo halikupita kwanza kinywani mwa mbuzi chini ya miti ile.

Na sasa nilikuwa nimeichimbia Lodwar na kuifungia skrubu.

Nikaingia ndani bila kubisha. Bwana Nangiro alikuwa akila maini.

"Miti ni ya nyanya yangu," nikasema.

Akameza kwanza. "Najua."

"Unajua?"

"Si wewe ulinieleza? Siku ya kwanza. Ulikaa kiti hiyo hiyo ukaniambia habari ya nyanya yako, miti yake, mbuzi, vile alikusomesha. Hadithi nzuri sana. Hata mimi iliniguza."

Nilikumbuka. Alikuwa amenisikiliza akiwa ameegemeza shavu kwenye mkono, akiuliza maswali madogo: upande gani wa mto, miti mikubwa kiasi gani. Nilidhani ni utu. Nilirudi chumbani nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwajiri anayejali.

"Ulimwambia nini mpaka akatoa?"

"Muulize yeye. Kesho lori inapeleka mahindi Kakuma. Panda, umsalimie." Akavuta droo, akatoa pakiti ya sukari, akaisukuma mezani kuelekea kwangu. "Mpelekee hii. Mwambie imetoka kwa Nangiro."

Msomaji, nimewahi kutukanwa. Nimewahi kufukuzwa ofisi za watu Nairobi kama mbwa aliyeingia kanisani. Lakini sijawahi kuona kitu kilichonichoma kama ile pakiti ya sukari. Nikaiacha mezani, na mikono yangu nikaificha mfukoni kwa sababu sikuiamini.

Kesho yake nikapanda lori. Dereva alikaza macho barabarani mpaka Kakuma.

Kutoka barabarani nikashuka kwenda mtoni, na nikapotea. Ndiyo, mimi, mtoto wa pale. Nilikuwa nimezoea kuiona migunga kwanza, halafu boma. Sasa hakukuwa na cha kuona kwanza. Boma la nyanya lilikuwa limekaa kwenye jua tupu, na kuelekea mtoni kulikuwa na visiki tu, vyeupe, na mbuzi wakivizunguka wakinusa.

Nyanya alikuwa nje akifunga ngozi zake kwa kamba. Alikuwa amejipaka mafuta, na shanga zake zote alizovaa shingoni zilifika kidevuni, zile za sikukuu.

"Ejok, Nyanya," nikamsalimu.

"Ejok nooi. Umechelewa," akasema. "Nyumba imeisha?"

"Nyumba gani?"

"Sasa unanificha. Wanaume wako wamekuwa na adabu kuliko wewe. Walikuja hapa na lori, wakavua kofia, wakasema: Lopeyok anajenga nyumba Lodwar, anataka isimame kwa miti ya kwao, lakini anaona haya kuja kuomba mwenyewe. Nikasema, huyo ni yeye. Mtoto huyu tangu zamani hawezi kuomba hata tumbaku."

"Walisema jina langu?"

"Walisema hata ile pete. Ni nani angeijua kama hukuwatuma wewe?"

Hata pete nilikuwa nimemsimulia Bwana Nangiro. Nilikaa chini kwenye mchanga.

"Walitaka michache," nyanya akaendelea, akikaza fundo kwa meno. "Mimi ndiye niliyewaambia wasiache. Mtu anajenga nusu nyumba? Nikautemea kila mti mate ya baraka kabla ya shoka. Nikawapa maziwa ya asubuhi yote. Yule mwenye tumbo, anayeendesha gari, alikunywa kama ndama."

"Na kiangazi, Nyanya? Mbuzi watakula nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi. "Si tunahamia kwako? Unadhani nimefunga hizi ngozi nikienda disko?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria. Kulikuwa na uongo mwingi mzuri wa kumwambia mtu aliyevaa shanga zake zote. Lakini alikuwa ameshadanganywa kwa jina langu mara moja, na sikutaka iwe mara mbili.

"Nyanya, sina nyumba," nikasema.

"Najua. Hujaoa. Bila mwanamke hiyo ni stoo."

"Sina hata stoo. Wamekudanganya. Miti haikuja kwangu. Ni ya tajiri mmoja, Nangiro. Amechimba shimo kubwa la maji nyuma ya nyumba yake, wageni wanaogelea, na wakitoka majini wanalala juu ya mbao. Zile mbao zimebebwa na miti yako. Na aliyezijenga ni mimi, sikujua."

Akaacha kufunga. Mbuzi mmoja akaja akamnusa mkono, akamsukuma kichwa taratibu. Nikasikia matarumbeta ya kanisa la Wasudani kule kambini, wakifanya mazoezi.

"Hayo maji ya shimo," hatimaye akasema, "mbuzi wanayanywa?"

"Ni ya kuogelea tu."

"Watu wakubwa wanaoga pamoja mchana?"

"Ndiyo."

"Hm." Akatafuna jambo hilo, akalitema. "Na miti yangu, imelazwa ama imesimama?"

"Imesimama. Nimeichimbia chini."

"Imara?"

"Imara, Nyanya. Hata mafuriko hayataing'oa."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeichimbia?"

"Mimi mwenyewe."

Akasimama, akalitikisa shuka lake. Nilitazamia machozi. Nilitazamia laana, na Turkana laana ya nyanya si mchezo. Lakini macho yake yalikuwa makavu kama mto wenyewe.

"Mimi sikumpa Nangiro miti," akasema. "Simjui. Nilimpa Lopeyok, ya kusimamishia nyumba, na Lopeyok ameisimamisha. Miti yangu ikisimama mahali, hapo ndipo ekwar yangu. Imehama tu. Na mimi nahama na miti yangu. Kusanya mbuzi."

"Nyanya, ile ni boma ya mtu. Ina ukuta. Ina askari."

"Mimi nina mbuzi. Kusanya."

Tulimkuta dereva sokoni, lori tupu, akila. Nyanya akamwendea na kundi lake lote nyuma, akasimama mbele ya sahani yake.

"Wewe uliyekunywa maziwa yangu," akamwambia. Sauti haikupanda hata kidogo. "Maziwa yale bado yako tumboni mwako, ama umeyatapika?"

Dereva akaacha kutafuna.

"Mama, mimi nilitumwa."

"Sijakuuliza nani alikutuma. Nimeuliza maziwa. Yakibaki tumboni na uongo ulioyanywia, yataoza. Utaona. Ama utufungulie mlango wa gari."

Watu walikuwa wameanza kugeuka. Yule mtu akainuka, akashusha mlango wa nyuma wa lori na kuwapandisha mbuzi mmoja mmoja kama watoto wa shule. Nyanya akakaa mbele. Mimi nikakaa na mbuzi.

Nataka uelewe kilichokuwa hatarini, kwa sababu baadaye watu walisema nilikuwa natafuta sifa. Mwanamke yule alikuwa ametoa kiangazi chake chote kwa sababu ya jina langu. Asingepata mahali pa mbuzi wake, wangekufa kabla ya mvua, naye angemaliza maisha akiomba kwenye miti ya wengine. Alikuwa amebaki na kitu kimoja tu cha kushika: kwamba miti ilitolewa kwa Lopeyok. Na Lopeyok alikuwa mtu wa kuajiriwa, asiye na hata kufuli.

Tukaingia Lodwar mchana wa siku ya pili. Askari wa mlango alilijua lori, akafungua.

Bwana Nangiro alikuwa na wageni. Walikuwa wamelala kwenye deki yangu, wamejifunika nyuso kwa kofia, na vinywaji vyao kando. Onésphore alikuwa pembeni na kopo na brashi, akiupaka ubao wa mwisho oili. Nguzo ya kona ilikuwa imesimamishwa nilipokuwa sipo.

"Nimeiacha pete yako nje," akaninong'oneza. "Patroni alitaka niifunike na ubao. Nikasema ubao umekwisha."

Mbuzi walipanda deki kabla yetu. Kwato juu ya mbao kavu: sijawahi kusikia sauti kama ile. Mgeni mmoja akaruka akaanguka majini na kofia yake. Mwingine, mwanamke, alikaa tu akatabasamu na kutafuta kamera. Mbuzi wakalizunguka bwawa, wakanusa, wakaanza kunywa.

Nyanya hakumtazama mtu. Alipita nguzo hadi nguzo, akiweka kiganja kwenye kila moja, akiitaja. Huu ndio uliozaa sana mwaka ule wa ukame. Huu ndio nilifungia punda. Huu babu yako alilala chini yake akiwa na homa. Alipofika kwenye ile ya kona akaitia pete kidole, akaivuta, akaona imeshika. Akaketi chini, mgongo kwenye nguzo, akanyoosha miguu.

"Umejenga vizuri," akaniambia.

Bwana Nangiro akatoka ndani akiwa na tabasamu la wageni usoni.

"Mama, ejok."

Nyanya akanyamaza.

"Mama, ejok?" akarudia.

Kwetu salamu hujibiwa hata ya adui.

"Lopeyok," nyanya akasema, "huyu mgeni wako hajafundishwa? Mtu akiingia kwa wenyewe hungoja apewe pa kukaa, ndipo asalimie."

Fundi mmoja akacheka, akajizuia, akacheka tena. Tabasamu la Bwana Nangiro likabaki mdomoni likiwa peke yake, macho yameshaondoka. Akanishika kiwiko, akanivuta mpaka kwenye tangi la maji.

"Umeleta sarakasi kwangu mbele ya watu wa mkataba," akasema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, Injinia. Mtoe huyo mzee na wadudu wake kabla chai haijapoa. Nitasahau. Nitakupa hata kazi ya hoteli kule mjini Loki. Utajenga mpaka uchoke."

"Rudisha miti."

"Nirudishe wapi? Nigundishe na gamu?"

"Basi mpe mahali pa mbuzi. Una shamba la mtoni, lina migunga. Mpe ekwar kwa ekwar."

"Nimpe, halafu kesho kila mwanamke wa Kakuma aje na kisiki?" Akasogea karibu zaidi. Alinuka maini na mafuta ya nywele. "Sitaki kukugusa wewe. Wewe una digrii, utaandika kwa magazeti. Lakini yule Mrundi wako hana karatasi. Nimetuma askari wangu mmoja stesheni. Afande yuko njiani. Akifika akute hapa kimya, atakunywa soda arudi. Akikuta kelele, lazima apate mtu wa kubeba. Unadhani atabeba nani?"

Nikamtazama Onésphore. Alikuwa amepiga magoti, akipaka ubao kwa kufuata nyuzi za mti, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mkewe Céline alinipa mkono siku nilipokuja na lori kumchukua Onésphore kambini. Aliniambia neno moja tu: "Umurudishe."

"Wewe ni mtu mbaya," nikamwambia Bwana Nangiro. Baada ya miaka yote ya chuo, hilo ndilo neno nililolipata.

"Mimi ni mtu mwenye nyumba," akajibu.

Gari la polisi likaingia kwa mlango ule ule wa lori. Afande akashuka, mtu mzima mwenye uso wa uchovu, akatazama mbuzi, akamtazama mgeni aliyekuwa akikamua kofia yake, akamtazama nyanya.

"Tumeitwa," akasema. "Mwenye hapa ni nani?"

Nyanya akainua fimbo yake bila kuinuka, akaninyooshea mimi.

Bwana Nangiro akacheka kwa nguvu, kicheko cha kusikiwa na wote. "Afande, muulize mwenyewe. Ni msomi, hadanganyi. Injinia, mwambie afande. Ni yako?"

Kila mtu akageuka. Mafundi, wageni, askari wa mlango, yule dereva aliyekuwa hajashuka kwenye lori. Nilimtazama Onésphore. Nilitaka anisaidie, nikajichukia kwa kutaka hivyo.

"Usiniangalie mimi, ndugu yangu," akasema polepole, brashi mkononi. "Angalia muti."

Nikautazama. Nyanya alikuwa amefumba macho, kidole bado kiko ndani ya pete, kama mtu aliyekwisha kujua mtoto aliyemlea atajibu nini na hana haja ya kusikiliza.

"Nguzo zote ni za kwetu, afande," nikasema. "Mbao na maji ni vya huyu bwana. Avitoe juu ya miti yetu, tutamwachia shimo lake."

Nikavua viatu vyangu visivyo na soli, nikapanda deki, nikaketi kando ya nyanya yangu. Mbao zilikuwa za moto. Sikuinuka.

Afande akalifikiria lile jambo. Nadhani kwa nukta moja alikuwa upande wetu. Nadhani hata yeye ana mama mwenye mbuzi mahali fulani. Halafu Bwana Nangiro akakohoa kidogo, akaelekeza kidevu pembeni, na macho ya afande yakafuata kidevu.

"Na wewe mwenye brashi," afande akasema. "Kibali chako kiko wapi?"

Onésphore akailaza brashi juu ya kopo, taratibu, isidondoshe oili kwenye ubao. Akapangusa mikono kwenye suruali, kwanza mmoja, halafu wa pili, akasimama.